Nimechagua Kibaha, kisanduku kinaandika 14

SWALI: Salaam, Fundi. Mimi ni karani wa vifurushi Msamvu, Morogoro, na usiku najifunza JavaScript. Nimetengeneza fomu ya mizigo kwa kile kisanduku cha jQuery UI (maktaba ya JavaScript) kinachopendekeza majina, autocomplete. Nikiandika "Kiba", orodha inashuka vizuri: Kibaha, Kibakwe. Nikibofya Kibaha, jina linapotea, inabaki 14, namba ya kituo kwenye hifadhidata. Nikiteremka kwa mshale wa kibodi ndiyo vituko: kila jina ninalolipitia linageuka namba. Nifanyeje?

JIBU: Karani, programu imekutii tu. Kila mstari wa orodha hiyo una label, anayoisoma mtu, na value, inayoingia kisandukuni. Wewe 14 umeiweka kwenye value.

Ongeza kisanduku cha pili cha type="hidden", ukipe id na name ya kituo_id. Hicho ndicho kibebe namba. Kisha, kwenye mipangilio ya autocomplete (kituo ni id ya kisanduku kinachoonekana):

select: function (event, ui) {
  event.preventDefault();
  $("#kituo").val(ui.item.label);
  $("#kituo_id").val(ui.item.value);
}

Ukisahau preventDefault, amri inayozuia kisanduku kisijiandikie value chenyewe, jina litaandikwa na papo hapo namba italifuta. Vituko vya mshale vinatoka kwenye tukio jingine, focus, linalotokea kila mstari unapopitiwa. Nako weka preventDefault, basi.

Sasa lililonitia aibu mimi. Zamani gunia la mchele la Kibakwe lilishushwa Kibaha kwa fomu niliyoiandika mwenyewe. Karani alichagua Kibaha, akagundua kosa, akafuta "ha" akaandika "kwe" kwa mkono. Kisanduku kinachoonekana kikasema Kibakwe, kilichofichwa kikabaki na namba ya Kibaha. Mwenye gunia alinipigia simu mimi, si karani, na kutoka Kibaha hadi Kibakwe, kule Mpwapwa, si mwendo wa bodaboda.

Dawa ni kufuta namba mara tu mtu anapogusa herufi:

$("#kituo").on("input", function () {
  $("#kituo_id").val("");
});

Wengine hutumia tukio la change la autocomplete yenyewe. Mimi siipendi hapa, maana husubiri mtu atoke kisandukuni, na mwenye haraka hubonyeza Enter akiwa bado ndani. Upande wa seva, fomu yenye kituo_id tupu irudishwe, hata jina likiwa limeandikwa sawasawa.