Gari linalozama na usukani mzito asubuhi

Umeuliza kwa nini bodi ya gari lako la Citroën DS huzama, yaani hushuka kuelekea ardhini, likilala bila kuwashwa, na kwa nini usukani huwa mzito asubuhi. Kuzama taratibu si hitilafu, kwa kuwa mafuta ya haidroliki (si petroli, bali yanayosukumwa kwa shinikizo kuendesha mifumo ya gari) hupenya kidogo kidogo kwenye vali na kurudi tangini. Na kwa sababu pampu moja inayozungushwa na injini ndiyo inayolisha suspensheni (mfumo unaobeba bodi juu ya magurudumu), usukani na breki, vyote hungoja shinikizo lipande.

Kinachobeba gari ni gesi ya naitrojeni iliyofungiwa ndani ya matufe, ikitenganishwa na mafuta kwa utando wa mpira. Mzigo ukiongezeka na bodi ikashuka, vali ya kimo huingiza mafuta zaidi mpaka gari lirudi kwenye kimo chake. Mzigo ukiondolewa, huyaachilia.

Usukani ukibaki mzito hata baada ya gari kuinuka, kagua kiwango cha mafuta, kisha sikiliza kidhibiti cha shinikizo: kikigonga kila baada ya sekunde chache, ningeshuku kwanza tufe la akiba, yaani lile linalohifadhi shinikizo. Usichanganye kamwe mafuta mekundu ya magari ya awali na yale ya kijani, maana mipira inayozuia uvujaji itaharibika, wala usiingie chini ya gari lisiloegemezwa kwenye stendi imara.