Israel na Palestina: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Kanisani tunaambiwa Mkristo asimame na Israel. Majirani zangu Waislamu wanasimama na Palestina. Kwani hivi si vita vya dini? (Msomaji, Morogoro)

Dini imo, lakini kinachogombewa ni ardhi, na nani amtawale nani. Bethlehemu alikozaliwa Yesu ni mji wa Wapalestina, na mpaka leo una familia za Kikristo za tangu zamani. Huko Gaza liko kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Porphyrius. Oktoba 2023 shambulio la ndege za Israel liliua watu waliokuwa wamejihifadhi ndani ya eneo lake. Wakristo hao huku kwetu hawaombewi, na hilo linaniuma. Halafu geuka upande wa pili: karibu raia mmoja kati ya watano wa Israel ni Mwarabu, na wengi wao ni Waislamu. Wanapiga kura, wanao wabunge, na mwaka 2021 chama cha Mansour Abbas, mwanasiasa Mwarabu Mwislamu, kilijiunga na serikali ya mseto. Usawa kamili bado hawajaupata, lakini wapo, na ni raia.

Si ugomvi wa tangu Isaka na Ishmaeli?

Hapana. Ni wa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1917 Uingereza iliahidi makao ya taifa la Kiyahudi huko Palestina, nchi iliyokuwa na wenyewe. Vita vya 1948 viliwang'oa Wapalestina wapatao 700,000 makwao, na mwaka 1967 Israel ikateka Ukingo wa Magharibi wa Mto Yordani, Gaza na Jerusalem Mashariki.

Wayahudi wa Israel wote si Wazungu?

La. Wengi wana asili ya Iraq, Yemen na Morocco. Wapo pia Waethiopia: Mei 1991 zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa katika muda usiotimia siku mbili.

Wapalestina si ndio hao hao Hamas? (Msomaji, Nakuru)

Hamas, chama cha Kiislamu chenye wapiganaji wake, ilishinda uchaguzi wa bunge la Wapalestina wa Januari 2006, na Juni 2007 ikawafukuza wapinzani wake wa chama cha Fatah kutoka Gaza. Tangu 2006 hakuna uchaguzi mwingine wa bunge uliofanyika. Karibu nusu ya watu wa Gaza ni watoto. Kura ile waliipiga lini? Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200 na kuteka 251. Waliouawa ni pamoja na vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kusomea kilimo. Ule ulikuwa unyama, sina neno jingine. Lakini watoto wa Gaza hawakuufanya, na vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Vivyo hivyo, si kila Mwisraeli ni Netanyahu, waziri mkuu wao wakati wa vita hivyo: mwaka 2023 maelfu kwa maelfu walijaa barabarani miezi mingi kumpinga.

Mimi naagiza vipuri kutoka Ulaya. Vita vya huko vinanihusu nini? (Msomaji, Mombasa)

Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi, kundi la wapiganaji wa Yemen, walishambulia meli katika Bahari ya Shamu, wakisema wanaitetea Gaza. Kampuni nyingi za meli zikaukwepa Mfereji wa Suez wa Misri na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Siku zikaongezeka, mafuta na bima vikapanda, nawe mwagizaji ukalipia. Na usidhani Waarabu wote ni kitu kimoja katika hili. Misri ina mkataba wa amani na Israel tangu 1979, Jordan tangu 1994, na mashambulizi yale yaliipotezea Misri fedha nyingi za ushuru wa mfereji wake.