Njiti za ufagio zinatosha

Mwalimu mwenzangu wa Kadutu, umeuliza namna ya kufanya watoto wagundue wenyewe kanuni ya pande za pembetatu (fupi mbili zikijumlishwa lazima zizidi ndefu), bila kuinakili ubaoni. Tumia njiti za ufagio; rula moja kwa kila benchi inatosha. Wakate vipande vya sentimita 3, 4, 5, 7 na 9, wachague vitatu vitatu, waandike: pembetatu inafunga au haifungi.

Kwa 3, 4 na 9 hakuna ubishi. Kasheshe iko kwa 3, 4 na 7: wengine wataapa imefunga, maana njiti ina unene. Usiwaamulie haraka. Waulize tu: ile pembe ya juu imeinuka kiasi gani?

Halafu kila kundi liandike makisio yake kwa sentensi moja, jirani atafute njiti za kuyavunja. Atatokea wa kusema “upande mrefu usizidi mara mbili ya mfupi.” Safi kabisa, mpe 3, 5 na 7! Inafunga, na 7 inazidi 6. Warudi kuandika upya, mpaka waanze kujumlisha zile fupi mbili wenyewe. Uthibitisho wa Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale (Elements, Kitabu cha 1, pendekezo la 20), uweke somo lijalo.