Tisha Uwanja Wako Bila Kumaliza Mshahara

Dada mmoja wa hapa Minnesota ameniandikia: watoto wanataka uwanja wao utishe kama wa majirani siku ya Halloween, ile sikukuu ya Oktoba 31 ambapo watoto huvaa nguo za kutisha na kuomba peremende nyumba kwa nyumba, naye hajui aanzie wapi. Umefika kwa mwenyewe, dada! Mwaka jana usiku wa Oktoba 31 magari yalikuwa yakipunguza mwendo mbele ya kwangu. Hata jirani mwenye ile mifupa ya futi 12 ya duka la Home Depot alivuka barabara kuniuliza nilifanyaje.

Nilifanya giza. Zima taa ya barazani. Chukua taa moja ya kijani, iweke chini kabisa, imulike ukuta kutokea nyuma ya kichaka; kivuli kitamaliza kazi. Mizuka yangu ni shashi nyeupe tu juu ya matawi, upepo unaichezesha. Wengine hununua kila dude la kujazwa hewa, wakaliwashia taa kama ukumbi wa harusi, kisha wanashangaa watoto hawaogopi. Giza, nasema.

Boga lichonge sura siku mbili tatu kabla, maana likishakatwa huoza upesi, na kindi wa huku hawana adabu. Ndani tia taa ya betri, si mshumaa; nguo za watoto hushika moto. Utando wa buibui wa pamba usiutandaze vichakani, ndege hunasa. Na kila kitu kipigie vigingi: mwaka 1991 dhoruba ya theluji ilianza siku hiyohiyo ya Halloween, ikapita inchi 28 Minneapolis.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Watakusema. Mimi nilitolewa kwenye kikundi cha maombi cha WhatsApp, eti nakaribisha mapepo, na hakuna hata mmoja aliyenipigia simu. Bado inaniuma. Lakini ni nani kati yao aliyeuliza sikukuu hii imetoka wapi? Wakelti, watu wa kale wa Ireland, waliiita Samhain: mavuno yamekwisha, ng'ombe wameshushwa kutoka malishoni, mioto inawashwa. Baadaye Waairishi wakachonga sura mbaya kwenye tanipu ili kufukuza pepo. Kufukuza, jamani! Waliohamia Marekani wakakuta boga, kubwa na laini kuchonga. Hayo ni mambo ya wakulima, na sisi sote ni watoto wa wakulima, hata wewe unayejifanya ulizaliwa lifti ikipanda.

Kwa hiyo pamba, mpendwa, tena pamba kwa raha. Watoto wa haohao walionisema walinijia mlangoni na mifuko yao, nikawajazia peremende. Mapambo ya mwakani kayanunue Novemba 1, bei zikishaporomoka.