Maswali yenu ya chuo: GPA, ada, gheto na kuogelea ziwani

Maswali yamekuwa mengi tangu matokeo yatoke, haya ndo yanayojirudia.

Shikamoo dada. Niko mwaka wa kwanza, digrii ya miaka mitatu, semista ya kwanza nimetoka na GPA (wastani wa alama) ya 2.9. Apa sekondi, yaani daraja la pili la juu, bado ipo au ndo basi tena?

Marahaba mdogo wangu. Ipo kabisa. Kwenye mizani yetu ya 5, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na apa sekondi inaanzia 3.5. Umebakiwa na semista tano, kama kredi zinalingana basi ukitoka na wastani wa 3.62 kila semista unafika, na hiyo ni B+ nyingi na B chache, sio lazima ujaze A kama watu wanavyokutisha. Fest klasi, daraja la kwanza, ndo ngumu, inaanzia 4.4 kwa hiyo utahitaji 4.7 kila semista, yaani A kwenye kozi nyingi, sikudanganyi. Halafu angalia kredi za kila kozi! Kozi yenye kredi nyingi inakuvuta zaidi, juu au chini, ila unakuta mtu anakesha vimbwetani na kakozi kadogo kwa sababu lekchara wake mkali, ile kubwa anakuja kuisoma kwa desa (notsi za mkato) usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa semista. Na kosweki, zile kazi na majaribio ya katikati ya semista, usiidharau, hizo ni alama unazikusanya mapema kabla presha haijapanda.

Dada, ada sijamaliza na bila kumaliza sipewi kibali cha mtihani. Sina mkopo, mzee anavua dagaa upande wa Sengerema, hela inakuja kwa vipindi. Nifanyeje?

Nenda uhasibu wiki hii, usisubiri wiki ya mtihani foleni ikiwa imetoka mpaka nje. Peleka barua ya kuomba kulipa kwa awamu, na tarehe zitaje wewe. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa na mitumbwi inalala ufukweni, hilo we unalijua toka mtoto, kwa hiyo tarehe zako ziweke baada ya siku za giza, mwezi usipokuwepo, mzee akishauza, usiahidi tarehe 15 kwa kuwa tu imekaa vizuri kwenye karatasi afu ikifika huna kitu na barua ya pili hawakuamini tena. Ambatanisha risiti za ulichokwisha lipa, nakala yako igongwe muhuri uitunze. Ukikataliwa pale dirishani usirudi chumbani kulia, panda kwa mshauri wa wanafunzi, ndo kazi yake hiyo. Inaniuma sana mtu anaahirisha mwaka kwa laki mbili na hakuna ofisi hata moja iliyokuwa inajua. Na dirisha la mkopo likifunguliwa omba, Bodi ya Mikopo inakopesha na wa vyuo binafsi.

Gheto (chumba cha kupanga mtaani) au hosteli?

Mwaka wa kwanza hosteli, kama nafasi ipo. Ukienda gheto ulizia maji kabla ya kodi, na ile njia ipite usiku mara moja kabla hujalipa, maana utakuwa unatoka kujisomea saa nne na hivi vilima vyetu vya mawe giza lake ni zito.

Jumamosi tunashukaga ziwani kuogelea, kuna mwenzetu anasema tutapata kichocho. Si anatutisha tu?

Hapana, anasema kweli. Kichocho kipo Ziwa Victoria, hasa pembezoni kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ndo wanakokaa konokono wanaobeba vijidudu vyake. Vinapenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache, hata kama umesimama tu maji ya magotini unapiga picha, na kujifuta haraka na taulo sio kinga ya kutegemea. Cha huku ziwani hasa ni cha tumbo, kinaweza kukaa kimya miaka huku mayai yake yanaharibu ini, we unasema ni msosi wa kafeteria. Kwa hiyo mlioogelea nendeni mkapime choo, ila subirini kama miezi miwili tangu siku ya mwisho kuingia majini, ukipima kesho yake mayai hayajaanza kuonekana. Homa au kuharisha damu kukianza kabla ya hapo msisubiri. Dawa ipo, Praziquantel, unapewa kulingana na uzito wako, na mumwambie daktari wazi kwamba mliogelea ziwani.