Kuchambua Hisa au Kusimamia Fedha za Kampuni: Kwa Vijana wa Malindi Wanaoanza Kazi

Vijana wetu wanaohitimu masomo ya biashara, wengi wao kutoka Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, huniuliza ipi ni bora kati ya kuchambua hisa na kusimamia fedha ndani ya kampuni. Mizania inayosomwa, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni, ni ileile. Kinachotofautiana ni swali analoulizwa msomaji. Mchambuzi huulizwa kampuni ina thamani gani. Msimamizi wa fedha huulizwa mishahara ya mwisho wa mwezi itatoka wapi.

Serikali ilipouza asilimia 25 ya Safaricom mwaka 2008, kazi ya washauri wa fedha, walio upande wa fedha za kampuni, ilikuwa kuandaa mauzo ya hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, pamoja na nyaraka zake zote, wakati mchambuzi alitakiwa kumwambia mteja wake kama shilingi 5 ilikuwa bei ya haki. Kabla ya mwaka kwisha hisa hiyo ilikuwa imeshuka chini ya bei iliyouziwa. Kwa mshauri, shughuli ilikuwa imekwisha hisa zilipouzwa; mchambuzi aliyesema "nunueni" alibaki na wateja wa kuwaeleza. Asiyeweza kukosea hadharani, kisha kesho yake akaandika maoni mapya kwa utulivu, uchambuzi utamtesa.

Usimamizi wa fedha nao una mitego yake, na hapa Malindi mtego huo unaonekana vizuri katika hoteli za ufukweni. Mawakala wa utalii hutuma amana kabla ya wageni kufika, na msimamizi aliye mpya kazini akiona akaunti imenona huidhinisha mapaa yaezekwe makuti upya, ilhali amana hizo ni deni katika vitabu mpaka mgeni afike na kuhudumiwa. Masika yanapoingia vyumba hubaki vitupu, lakini walinzi, umeme na marejesho ya mkopo havingoji msimu. Msimamizi mzuri huiendea benki mwezi wa Februari, hesabu zikiwa bado zinapendeza, akapanga mkopo wa Mei. Akisubiri hadi Mei atapewa riba ya mtu mwenye shida, kama atapewa mkopo wenyewe.

Kuhusu mitihani, CPA, cheti cha uhasibu cha KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya, hufungua milango mingi ya fedha za kampuni. Anayelenga uchambuzi atazame CIFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji cha KASNEB hiyohiyo, au CFA, cheti cha kimataifa cha kazi hiyo chenye ngazi tatu.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba ajira za uchambuzi ziko Nairobi, kwa madalali wa hisa, mifuko ya pensheni na kampuni za kusimamia uwekezaji, wakati kazi ya fedha hupatikana hata huku kwetu, katika hoteli, vyama vya akiba na mikopo, na kampuni za chumvi za Gongoni na Marereni. Kwa maoni yangu, na wapo watakaonipinga, ni afadhali kuanzia ndani ya kampuni, kwa kuwa aliyewahi kukimbizana na mdaiwa mwishoni mwa mwezi hadanganyiki kirahisi na faida iliyo kwenye karatasi tu.

Anayesitasita na ajipime kabla ya kutuma maombi. Achukue ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, aandike kurasa mbili akieleza kama bei ya hisa yake ni ghali au rahisi, kisha aombe daftari la duka la mjomba wake na kupanga mapato na malipo ya miezi 12 ijayo. Kurasa hizo ampe mtu mwenye hisa zake mwenyewe, na mpango wa duka ampe mjomba. Maswali atakayorudishiwa, na hamu atakayokuwa nayo ya kuyajibu, yatamsaidia kuamua kuliko ushauri wangu.