Chunusi Dodoma: Punguza Kwanza Unavyopaka

Swali: Habari za kazi. Nina miaka 24, naishi Nkuhungu. Tangu nihamie huku kutoka Tanga, paji la uso na mashavu yamejaa chunusi, na wakati huohuo ngozi inapauka na kuvuta. Nanawa mara nne kwa siku kwa sabuni ya dawa, nasugua kwa dodoki, usiku napaka limau, asubuhi napaka mafuta ya nazi. Mwezi huu muuza vipodozi alinichanganyia krimu kwenye kopo. Kwa siku nne chunusi zilinywea, nilipoiacha zikarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Nimerudia kuipaka, leo ni siku ya kumi. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, anza na hilo kopo. Krimu inayonywesha chunusi ndani ya siku chache kisha ukiiacha zinalipuka, tunaishuku kuwa na steroidi, na inayokutwa sana ni klobetasoli. Steroidi inazima uvimbe tu, kinyweleo kinabaki kimeziba, na ngozi inazidi kuwa nyembamba. Huenda pia ina haidrokwinoni au zebaki, kemikali za kuchubua ngozi, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Siku kumi ni chache, acha leo. Aliyepaka kwa miezi asiache ghafla peke yake: aonane na daktari wa ngozi ampangie namna ya kuipunguza, maana ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa huvimba, huwasha na kuchoma kwa wiki kadhaa.

Limau nalo weka jikoni. Tindikali yake inachubua, na jua likipiga hapo doa linakuwa jeusi zaidi. Dodoki ni la kisigino.

Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu linatesa wengi: chunusi si uchafu. Inaanzia ndani ya kinyweleo, pale seli zilizokufa zinapogandamana na mafuta ya ngozi na kuziba njia. Bakteria wanaoishi humo wanaongezeka, mwili unapambana nao, ndipo panavimba na kutunga usaha. Sabuni haifiki huko hata ukinawa mara kumi. Inachofanya ni kuvua utando wa juu unaolinda ngozi, na huko kuvuta unakokusikia ndiko kuvuliwa kwenyewe.

Tena umetoka pwani, hewa yenye unyevu, ukaja mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua za hapa ni za Desemba hadi Aprili hivi, baada ya hapo ni ukavu, na kuanzia Juni upepo na vumbi. Maji mengi ya visima ni ya chumvi, sabuni haitoi povu upesi na mabaki yake yanaganda usoni. Ngozi inakauka juu huku mafuta chini yanaendelea kutoka. Ndiyo maana unapauka na una chunusi kwa pamoja.

Kwa wiki mbili za kwanza usipake dawa yoyote. Nawa mara mbili tu, asubuhi na usiku, kwa kiosheo laini cha uso kisicho na manukato. Sabuni ya mche ina alkali nyingi, usoni haifai. Tumia viganja, sekunde 30 zinatosha, na kama maji yako ni ya chumvi malizia kusuuza kwa kikombe cha maji ya kunywa. Futa kwa kugusagusa, uso ubaki na unyevunyevu, kisha paka losheni nyepesi isiyoziba vinyweleo. Fedha ikiwa ndogo, glisarini ya duka la dawa inafaa: kijiko kimoja cha chai kwa vijiko vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tengeneza kidogo, baada ya siku tatu mwaga. Usiipake tupu kwenye uso mkavu, kwa hewa ya Dodoma itavuta maji kutoka kwenye ngozi yako mwenyewe. Mafuta ya nazi yaishie mwilini.

Asubuhi ongeza losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga, huandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili inayojaa urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Zinazoacha weupe kwenye ngozi nyeusi zipake kwa awamu mbili, nusu kwanza, ikinywea malizia. Usiiruke, kwani madoa yanayobaki baada ya chunusi huchukua miezi kufifia, na jua linayarudisha nyuma.

Ngozi ikishaacha kuvuta, ndipo dawa iingie, moja tu. Kama wingi ni vipele vidogo vigumu na vichwa vyeusi, tafuta adapalini, dawa ya kupaka inayozuia vinyweleo kuziba, ya asilimia 0.1. Inapakwa usiku, uso ukiwa umekauka kabisa, dakika 20 hivi baada ya kunawa. Kiasi cha punje moja ya mbaazi kinatosha uso mzima: gusa paji, mashavu mawili, pua na kidevu, halafu sambaza. Kwepa macho, pembe za pua na za midomo. Watu wengi wanaharibu hapa, wanapaka juu ya chunusi moja moja kama dawa ya jeraha, wakati kazi yake ni kuzuia zile ambazo hazijatokea. Usiku mbili kwa wiki kwa wiki mbili, kisha usiku mmoja unapaka, unaofuata unapumzika, ndipo kila usiku. Losheni ipake juu yake. Ngozi inaweza kubanduka, na chunusi zikaongezeka kidogo katika wiki za mwanzo. Usiikatie tamaa. Ipime wiki ya 12.

Kama nyingi ni nyekundu zenye usaha, anza na benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria wa chunusi, ya asilimia 2.5, mara moja kwa siku. Ya asilimia 10 haiponyi zaidi sana, inachoma zaidi. Inapausha nguo: foronya na kanga zitabaki na madoa meupe yasiyotoka, kwa hiyo futia taulo jeupe.

Na paji la uso? Angalia mafuta ya nywele. Ukisuka na kupaka mafuta mazito kwenye njia, yanateremka usiku. Yaanzie vidole viwili nyuma ya nywele za mbele, na kilemba cha kulalia kifuliwe kila wiki.

Ukiona mavimbe ya ndani yanayouma na kuacha mashimo, usisubiri wiki 12, nenda kwa daktari wa ngozi. Hayo yanahitaji dawa za kumeza.

Swali: Ni dereva wa bodaboda, Kizota. Kila nikinyoa ndevu natoka vipele kidevuni na shingoni. Kinyozi ananipaka spiriti lakini haisaidii.

Jibu: Kaka, hivyo ni vipele vya ndevu. Nywele iliyojikunja ikikatwa chini kabisa, ncha yake kali inarudi kujichoma kwenye ngozi. Acha kunyoa kwa wiki nne. Ukianza tena, mashine iache kama milimita moja, isipite na kurudi palepale, na kinyozi asivute ngozi. Nunua mashine yako mwenyewe. Spiriti inakausha tu. Paka benzoili peroksaidi usiku, na osha mkanda wa helmeti unaosugua kidevu.

Swali: Nina mimba ya miezi minne, niko Mpwapwa. Nilikuwa natumia adapalini, niendelee?

Jibu: Hapana mama, iache, na umwambie mhudumu wa kliniki kwamba ulikuwa unaitumia. Uliza krimu ya asidi ya azelaiki, asilimia 15 hadi 20. Inafaa kwa mjamzito na inafifisha madoa pia. Siku za kwanza itawasha kidogo, ipake juu ya losheni.